Silinda hedi za Ford flathedi yenye supachaja: ipi ununue kwanza

Flathedi ni ile V8 ya Ford ya 1932 hadi 1953, injini ambayo vijana wa California waliifanya roho ya hotirodi, yaani gari kuukuu lililoongezewa nguvu. Valvu zake zimo ndani ya bloki, pembeni ya silinda, kwa hiyo hedi ni mfuniko tu: njia za maji, matundu ya plagi na chumba cha kuchomea mafuta. Ndiyo maana wengi huinunua kwa macho, wakifuata alumini inayong'aa na jina lililochorwa juu. Lakini ukishafunga supachaja, pampu inayosukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu, kitu cha kuuliza dukani ni kimoja: chumba hicho kina ukubwa gani?

Piga hesabu kidogo. Supachaja ikisukuma psi 6 (presha ya pauni 6 kwa inchi ya mraba), injini yenye kompresheni, yaani kiwango cha kubana hewa na mafuta, ya 7 kwa 1 inabanwa kama ya karibu 10 kwa 1. Funga hedi ya 9 kwa 1 kwa presha hiyo hiyo na unakaribia 13. Kwa petroli ya kituoni itagonga, yaani mafuta yatalipuka ovyo ndani ya silinda, na gasketi itaungua mapema. Tena kwenye flathedi hewa inatoka kwenye valvu na kupita kiubavu kuingia silinda, hivyo chumba kidogo kinaikaba koo mashine uliyoigharamia ipumue.

Ijue bloki yako kabla hujatoa hela. Za mwanzo zina stadi (vyuma vya nati vinavyoshika hedi) 21 kila upande. Kuanzia 1938 ni 24. Za 1949 hadi 1953, zinazoitwa 8BA, hutoa maji mbele ya hedi. Bloki ya 59A iliyozitangulia hutoa katikati.

Chaguo langu la kwanza ni hedi mpya ya alumini yenye chumba kikubwa, inayokuacha kati ya 6.5 na 7.5 kwa 1. Edelbrock na Offenhauser ni majina ya siku nyingi. Navarro nayo ina historia yake hapa: Barney Navarro alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufunga supachaja iliyotoka kwenye injini ya dizeli ya GMC juu ya flathedi, baada ya vita vya pili vya dunia. Usiifunge moja kwa moja. Bandika udongo laini wa kuchezea watoto juu ya valvu na pistoni, weka hedi na gasketi kuukuu, kaza, zungusha injini kwa mkono, kisha fungua ukate udongo kwa wembe. Palipobaki chini ya milimita moja, mpelekee fundi mashine apachimbe.

La pili litawaudhi wapenda kung'arisha: hedi ya chuma iliyotoka kiwandani. Kompresheni yake ni ya chini tayari, bei ni ndogo, na kwa psi 4 au 5 inafanya kazi bila kelele. Ni nzito na haipozi haraka kama alumini, basi.

La tatu ni Ardun, ya Zora Arkus-Duntov na ndugu yake Yura, ya 1947. Hiyo huzihamisha valvu juu kabisa, ndani ya chumba cha nusu duara. Zora ndiye aliyekuja kuvuma baadaye kwa Corvette, gari la michezo la Chevrolet. Ni nzuri mno, lakini ni pana, inadai manifodi (mabomba ya kuingiza hewa) yake, na bei yaweza kuzidi ya injini yenyewe. Mwenye mfuko mzito na asiogope.

Mwisho kabisa, alumini kuukuu za minadani. Nyingi zimeskimiwa, yaani uso umekwanguliwa unyooke, mara kadhaa, chumba kimepungua na kompresheni imepanda bila muuzaji kusema. Nenda na rula ya chuma iliyonyooka uilaze juu ya uso wa hedi uone kama umepinda, kisha chokonoa kingo za matundu ya maji kwa bisibisi. Alumini iliyoliwa na kutu nyeupe inamomonyoka kama chaki. Hiyo mrudishie mwenyewe hata akipunguza bei.