Seti ya kuanzia raga: uzoefu wangu nayo kwenye viwanja vya Tabora

Seti hii inauzwa mtandaoni na kutumwa kwa basi kutoka Dar es Salaam. Ndani yake kuna mpira wa mazoezi saizi 5, kinga ya meno ya kuchemsha, kofia laini ya kichwa na njumu. Nimeitumia Tabora kiangazi na masika, pamoja na watu wazima wanaoanza raga kwa kujifurahisha. Mpira na kinga ya meno vina thamani ya pesa yake. Njumu zinafaa nusu ya mwaka tu, wakati wa mvua, na kofia heri muuzaji angeitoa akapunguza bei.

Nianze na kinga ya meno, maana ndiyo inayoharibiwa zaidi, na huharibiwa jikoni kabla hata haijafika uwanjani. Chemsha maji, yaepue, kisha tumbukiza kinga kwa sekunde zilizoandikwa kwenye pakiti. Kwa nyingi ni kama 30. Itoe kwa kijiko, ikung'ute maji, ivalishe meno ya juu. Uma kwa nguvu ya wastani huku unafyonza hewa, na kwa vidole bonyeza midomo na mashavu kutoka nje ili plastiki ishike fizi. Baada ya sekunde 20 hadi 30 itie kwenye maji baridi. Kipimo ni rahisi: achama bila kuishika. Ikidondoka, rudia, lakini isizidi mara moja au mbili, kwa sababu kila ikichemshwa inapungua unene.

Kinachokwenda kombo ni mambo mawili. Wengine huiacha sufuriani moto ukiwa bado unawaka, nayo hujikunja mpaka kingo zikashikana. Wengine huuma kwa nguvu zote, sehemu ya magego ikabaki nyembamba kama karatasi, na hapo haizuii chochote. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka karibu nyuzi 96. Yanatosha kabisa, ukiona plastiki haijalegea, ongeza sekunde tano tano. Ikikuchokoza koo, punguza ncha za nyuma kwa mkasi, mradi ibaki inafunika magego ya mbele. Ioshe kwa maji ya baridi na mswaki, na usiiache juani. Mwenye waya za kunyoosha meno asitumie aina hii, amwone daktari wa meno.

Mpira umenifurahisha. Gamba lake ni la raba yenye vidutu, na ukiwa mpya unateleza kwa sababu ya nta ya kiwandani; uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo kabla ya siku ya kwanza. Mpira wa saizi 5 wa kanuni una uzito wa gramu 410 hadi 460 na urefu wa sentimeta 28 hadi 30, basi upime kwenye mizani ya duka lolote. Unafika umetolewa upepo. Pampu ya baiskeli inatosha ukipata sindano yake, ila usiichome kavu: ipake tone la glisirini, la sivyo inachana vali na mpira unaanza kuvuja polepole. Upepo unaotakiwa ni psi (pauni kwa inchi ya mraba, kipimo cha upepo) 9.5 hadi 10. Mpira uliojazwa asubuhi yenye ubaridi unaweza kuongezeka psi moja au zaidi saa nane mchana wa Oktoba, na ukiachwa juani mishono ndiyo inayolipia. Weka chini ya mwembe, na toa upepo kidogo baada ya mazoezi. Changarawe inasaga vidutu haraka, hilo halina dawa zaidi ya kuchagua uwanja wenye nyasi.

Njumu za seti zina meno marefu ya kufunga kwa skurubu. Kwenye tope la Januari zinashika vizuri. Kuanzia Juni ardhi yetu inakauka ikawa ngumu, meno hayazami, uzito wote unakaa kwenye ncha chache, na nyayo na vifundo vya miguu vinaumia. Kwa kiangazi nanunua mtumbani njumu za mpira wa miguu zenye meno mafupi ya plastiki yaliyoungana na soli. Kunja soli uone kama gundi imeachia, pitisha kidole kwenye kila jino kutafuta makali, halafu mpe fundi viatu azungushie uzi wa nailoni kabla hujazivaa. Kanuni inaruhusu jino lisilozidi milimita 21, na mwamuzi anaweza kumtoa mwenye jino lenye makali.

Kofia inazuia michubuko na masikio kusuguliwa. Haizuii ubongo kutikisika, na ninachukia kuona wanaoanza wanaivaa kisha wanaingiza kichwa mbele kwa ujasiri. Unapomkaba mwenzako, yaani kumwangusha akiwa na mpira, kichwa kikae ubavuni mwake, bega ndilo liguse, mikono ifunge mapaja. Aliyegongwa kichwa akapepesuka au akachanganyikiwa atolewe palepale, asirudi siku hiyo, aende hospitali. Mwongozo wa World Rugby, shirikisho la raga duniani, kwa wachezaji wa ridhaa unataka asirudi mechini kabla ya siku 21.

Kwa hiyo mwanzo ununue mpira na kinga tu, na mcheze raga ya kugusa: sita kwa sita, kumgusa mwenye mpira badala ya kumwangusha, timu ikiguswa mara sita inatoa mpira. Uwanja wake ni mita 70 kwa 50. Nusu yake inatosha mkiwa wachache. Pasi haziendi mbele, na hapo ndipo waliozoea soka hukwama, kwani wanakimbia mbele ya mwenye mpira wakisubiri. Wapange wanne kwenye mstari wa mshazari, mita tano kati yao, mpira ushikwe kwa vidole, viganja visiuguse. Kukaba kuanze baadaye, kwa magoti, kwenye mchanga laini. Ndugu zetu wa Kigoma wana ufukwe wa Tanganyika kwa kazi hiyo. Sisi tunamwaga mchanga.

Bukta iwe haina mifuko, kwa sababu vidole vya mkabaji hunasa humo. Pete na saa zibaki nyumbani.

Ukiagiza, mwambie muuzaji akutumie sindano mbili za pampu, na uulize kama atauza mpira na kinga bila vile vingine, kwangu alikubali. Kwa wanafunzi wa shule ya msingi taja umri wao: walio chini ya miaka 10 wapewe saizi 3, wa 10 hadi 14 saizi 4.