Msako wa hazina Delft: nyota nne kati ya tano, na nitarudia tena

Niko Delft, Uholanzi, mwaka wa pili sasa, nasomea uhandisi wa maji. Mwanangu wa miaka kumi alikuja na mama yake kunitembelea wakati wa Pasaka. Siku ya kwanza niliwatembeza kama wanavyotembezwa wageni wote: kanisa hili, kanisa lile, duka la vigae vya buluu. Kufika saa sita mchana mtoto alikuwa hoi, anauliza tunarudi lini. Siku ya pili nikafungua kwenye simu programu ya jiokashingi, mchezo wa kusaka makasha yaliyofichwa kwa kufuata GPS, yaani satelaiti zinazoonyesha mahali ulipo. Tulitoka saa tatu asubuhi tukarudi jua linazama, na safari hii yeye ndiye aliyekuwa akinivuta mkono.

Kwa asiyeujua mchezo huu: ulianza tarehe 3 Mei 2000, siku moja baada ya serikali ya Marekani kuacha kuvuruga makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Mtu mmoja wa Oregon akaficha ndoo porini, akatangaza kwenye intaneti latitudo na longitudo ya pale alipoificha. Leo duniani kuna makasha zaidi ya milioni tatu. Ukilipata unaandika jina na tarehe kwenye karatasi iliyomo, kisha unalirudisha palepale. Ukichukua kitu ndani, unaacha kingine cha thamani ileile au zaidi.

Sisi tulichagua msako wa vituo kadhaa, ambao kila kituo kina swali na majibu yote yanakupa namba za mahali pa mwisho. Cha kwanza kilikuwa kanisa la Oude Kerk, kando ya mfereji wa Oude Delft. Swali lilitaka tuhesabu vimnara vidogo vya pembeni kule juu ya mnara wake. Mtoto akahesabu vinne, kisha akanyamaza kidogo. "Baba, mbona mnara mzima umelala, lakini vile vidogo vimenyooka?"

Nimepita hapo na baiskeli kila asubuhi zaidi ya mwaka mzima na sikuwahi kuliona hilo. Tukakaa kwenye ukingo wa daraja nikamweleza. Jina Delft lenyewe linatokana na kuchimba. Mji umechimbwa kutoka kwenye ardhi ya majimaji, na mnara huu wa karne ya 14 ulisimamishwa kwa sehemu juu ya mfereji uliofukiwa. Upande mmoja ukaanza kuzama, mafundi wakawa wanarekebisha kadiri walivyopanda, ndiyo maana vya juu vimesimama wima. Mnara una mita 75, na ncha yake imetoka nje ya mstari karibu mita 2. Wenyeji wanauita Scheve Jan, yaani Jan aliyepinda. Mhadhara mzima wa udongo laini mwanangu aliuelewa kwa dakika kumi, akiwa na mkate mkononi.

Paardenmarkt hatukukaa sana. Ni uwanja mpana tu, ila ghala la baruti lililolipuka tarehe 12 Oktoba 1654 na kubomoa sehemu kubwa ya mji, likamuua na mchoraji Carel Fabritius, lilikuwa hapo.

Namba za mwisho zilitupeleka upande wa Oostpoort, lango pekee la mji wa zamani lililobaki, lenye minara yake miwili na daraja jeupe la kuinuliwa. Tulipapasa vyuma karibu nusu saa. Mke wangu ndiye aliyelipata: kidude cha sumaku, hakizidi ncha ya kidole, kimeng'ang'ania nyuma ya chuma. Ndani mna karatasi iliyoviringishwa mpaka ikawa kama njiti, majina kwa herufi za sisimizi. Bila kile kibano chake cha nyusi tusingeitoa.

Sasa ile nyota niliyoizuia. Kwenye vichochoro vyenye nyumba ndefu mshale wa simu unarukaruka. Mara mbili ulitutuma ng'ambo ya maji, na programu haikuonyi kwamba hilo hutokea. Maelezo ya baadhi ya vituo yako kwa Kiholanzi peke yake. Na wazazi, nawasihi: kingo nyingi za mifereji hazina uzio. Mtoto akitazama simu huku anatembea, anatumbukia. Sisi tulikubaliana kwamba simu naishika mimi, macho ya kutafuta ni yake. Beba kalamu, kibano na chaji ya akiba, na panga muda wa saa nne nzima hata kama umeandikiwa saa moja na nusu.

Tukielekea nyumbani tulipata kasha jingine, kubwa kama bakuli la chakula cha shule, kwenye mizizi ya mti. Mwanangu akachukua kigari kidogo, akaacha sarafu ya shilingi 200 yenye simba wawili, na kwenye karatasi akaandika "Tanzania" kwa herufi kubwa. Wiki iliyopita simu ilinijulisha kuna aliyefungua kasha hilo baada yetu. Ameandika kwamba sarafu ameiona, ameiacha palepale, na Jumamosi atakuja na binti yake aione.