Zuio la mahakama kwenye mali ya mirathi: linawabana wenye kalamu kuliko ndugu

Mrithi anayeona mali ya marehemu imeanza kuyeyuka hana njia ya haraka mahakamani kuliko zuio la muda, yaani amri inayokataza mali kuguswa wakati kesi inaendelea. Kwa kasi linastahili sifa zote: maombi yakiambatana na hati ya dharura, hakimu au jaji anaweza kuyasikiliza upande mmoja tu na amri ikatoka siku hiyohiyo. Tatizo huanza baada ya hapo. Amri inakunjwa, inatiwa kwenye bahasha, inakaa kabatini, na kiwanja kinabadili jina huku aliyelipata zuio akidhani amelala salama.

Kwanza, zuio halisimami peke yake. Linaning'inia kwenye kesi ya msingi, iwe ya kupinga wosia, kumwondoa msimamizi au kudai hesabu ya mali. Pasipo kesi hakuna cha kulilinda. Mwombaji pia lazima awe na miguu ya kusimamia mbele ya mahakama. Kuwa mtoto wa marehemu kunaweza kusitoshe pale sheria inapotaka msimamizi aliyeteuliwa ndiye ashtaki kwa niaba ya mirathi. Wakili makini huomba kwanza usimamizi wa muda wa kulinda mali. Maombi mengi mazuri hufia hapo, kabla hata hoja ya ardhi haijaguswa.

Vipimo vyenyewe havina siri. Kwenye mahakama zinazofuata mfumo wa Uingereza, kesi mbili zinazotajwa sana ni shauri la Giella dhidi ya Cassman Brown la 1973, la Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, na la American Cyanamid la 1975 huko Uingereza kwenyewe. Giella inataka kesi inayoonyesha dalili ya kushinda, na madhara ambayo fidia ya fedha haiwezi kuyaponya. Shaka ikibaki, mahakama hupima ni nani ataumia zaidi. Warithi wengi hujikwaa kwenye kipimo cha pili. Ukilalamika kwamba kodi ya nyumba inaliwa na mmoja, jibu ni rahisi: fedha hulipwa kwa fedha. Ukionyesha kwamba shamba lina makaburi ya familia na mnunuzi ameshalipa arubuni, hapo mahakama inakaa sawasawa kusikiliza.

Sasa tazama maneno ya amri, maana ubora wa bidhaa yote uko hapo. "Wajibu maombi (wanaolalamikiwa) wazuiwe kuingilia mali ya marehemu" ni mstari mtamu usio na meno. Msajili wa ardhi hafungui faili kwa jina "mali ya marehemu", hufungua kwa nambari ya kiwanja. Benki vilevile, kwa nambari ya akaunti. Mstari unaofanya kazi unasema wazuiwe, wao wenyewe au yeyote anayetenda kwa niaba yao, kuuza, kuhamisha, kuweka rehani, kupangisha upya au kubomoa. Kisha zinafuata nambari, moja baada ya nyingine, zilizonakiliwa kutoka kwenye upekuzi wa karibuni, yaani taarifa rasmi ya kumbukumbu za mali, ulioambatanishwa na kiapo cha mwombaji. Tarakimu moja ikikosewa, karani wa masjala ana haki ya kuirudisha karatasi yako.

Amri ikishasomwa, ichapwe, itiwe muhuri, kisha nakala zipelekwe siku hiyohiyo masjala ya ardhi, benki na kwa mnunuzi kama anajulikana, kila moja ikigongwa muhuri wa kupokelewa. Hawa ndio wenye kalamu, na hawana ugomvi wa kifamilia unaowafanya wajasiri. Ndugu mwenye hasira anaweza kuichana amri mbele ya mpeleka nyaraka. Ofisa wa benki hataki kesi ya kudharau mahakama. Kwa ndugu, hakikisha mpeleka nyaraka ameapa kiapo cha kukabidhi, chenye saa na mahali. Bila hicho, atasema hakujua, na ombi la kumwadhibu litaanguka.

Kasoro za zuio ni za kweli. Ukisikilizwa upande mmoja, unawajibika kueleza hata yanayokuumiza. Ukificha kwamba uliwahi kutia saini makubaliano ya mgawanyo, zuio litafutwa jambo hilo likifichuka, na jaji hatakuamini tena kwa mengine. Amri ya upande mmoja huwa na uhai mfupi, mpaka tarehe ya pande zote kusikilizwa. Mwombaji asipofika siku hiyo, imekwisha. Mahakama inaweza pia kukutaka uahidi kulipa fidia endapo itaonekana baadaye hukustahili zuio, na ahadi hiyo si mapambo.

Jambo linalosahaulika sana ni bili. Zuio pana hufunga akaunti pamoja na ada ya mahakama, kodi za serikali, bima na matibabu ya mjane. Omba tangu mwanzo kifungu kinachoruhusu malipo hayo kwa hesabu iliyoandikwa, maana kurudi mahakamani kukiomba ni gharama nyingine.

Kwa lililokwishatendeka, usilitegemee zuio. Nyumba iliyokwishauzwa inahitaji kesi ya kubatilisha uhamisho. Kumtoa ndugu aliyekwisha kuhamia ndani ni amri ya kulazimisha, ambayo mahakama huitoa kwa shingo upande na kwa ushahidi mzito zaidi.