Mitumba ya Karume kwa maleba ya jukwaani

Kikundi cha tamthilia cha sekondari au chuo chenye bajeti finyu kinachotafuta maleba, yaani mavazi ya waigizaji, kianzie Soko la Karume, Ilala, Dar es Salaam, kabla ya kufikiria fundi. Makoti, suti na magauni ya mitindo ya zamani yapo tayari, kazi inabaki kurekebisha.

Wahi asubuhi belo likifunguliwa. Geuza nguo ndani nje: mshono wenye akiba ya kitambaa ya sentimita 2 utafumuliwa na kutanuliwa iwapo mwigizaji mnene atachukua uhusika huo. Kagua makwapa, maana jasho huozesha hapo kwanza. Satini iache kabisa. Chini ya taa inameta na kuiba macho ya watazamaji. Nyeupe kali nayo inaumiza macho, ila ikiwa pamba tupu iloweke nusu saa kwenye lita 5 za chai ya rangi iliyokolea. Poliesta haishiki rangi ya chai.

Kwa mabadiliko ya haraka, ng'oa vifungo uweke zipu. Velkro (utepe wa kunata) hapana: mlio wake unafika viti vya nyuma.

Upungufu mkubwa wa mitumba ni kukosa sare. Ukitaka nguo 8 zinazofanana, nenda Kariakoo ununue kaniki (kitambaa cheusi cha pamba), uifue peke yake kabla ya kushona kwa sababu inatoa rangi.