Gertie anapumua: uzoefu wangu na katuni ya mwaka 1914

Wiki hii nimeitazama mara sita, na nikipata nafasi naifungua tena. Ni Gertie the Dinosaur ya Winsor McCay, mchoraji wa magazeti wa Marekani. Katuni bubu ya dinosaria jike, dakika kama 12 hivi, na kwa kuwa hakimiliki yake imeshakwisha, unaipata bure mtandaoni.

Tulianza vibaya. Nakala ya kwanza niliyoipata ilikuwa imewekewa kinanda cha kupiga kelele na picha zinakimbizwa, mnyama mzito vile anarukaruka kama kuku. Nikaizima. Siku mbili baadaye nikapata nyingine, safi, ya mwendo wa taratibu, nikafunga sauti kabisa. Hapo ndipo nilipomwona Gertie.

Anachungulia kutoka pangoni, anaona haya, kisha anatoka akitafuna kila kilicho mbele yake. McCay anamwamuru kwa maandishi yanayotokea kwenye skrini: inama, inua mguu. Enzi hizo alikuwa anasimama jukwaani mwenyewe, kando ya pazia, mjeledi mkononi, na Gertie anamtii au anamkaidi mbele ya watu. Akipita mamothi, yule tembo wa kale mwenye manyoya, Gertie anasahau amri zote, anamkamata na kumtupa ziwani. Akikaripiwa, analia. Mpwa wangu wa miaka mitano alikuwa ametulia pajani kwangu muda wote, machozi yale yalipodondoka akageuka: "Mjomba, kwani wamemfanya nini?" Sikuwa na jibu la haraka, maana na mimi koo lilikuwa limenikaba.

Lakini ninachowaomba mkiangalie ni tumbo lake. Kuna wakati amelala kupumzika, hachezi, hali kitu. Tumbo linapanda, linashuka. McCay alijipimia pumzi zake mwenyewe kwa saa ili ajue Gertie avute hewa kwa muda gani. Mtu mwingine angeuacha mchoro utulie tu, akaokoa kazi ya siku nzima. Yeye akachora pumzi, moja baada ya nyingine. Mimi nachora pia, najua uchungu wa kurudia mstari uleule mara ishirini, na yeye alikuwa na michoro ya maelfu.

Tena wakati ule hakutumia zile karatasi za plastiki angavu zilizokuja kuwarahisishia wachoraji wa katuni. Mandhari yote, mawe, ziwa, milima, ilibidi ichorwe upya kwenye kila karatasi nyembamba, kazi iliyofanywa na msaidizi wake kijana, John Fitzsimmons. Ndiyo maana mawe yanatetemeka kidogo nyuma ya Gertie. Wengine wataiona hiyo ni kasoro. Mimi naupenda mtetemo ule kuliko mandhari nyingi laini za siku hizi, kwa sababu unaona kabisa kwamba mkono wa mtu ulipita pale.

Kinachochosha ni mwanzo, ambao si mchoro bali watu halisi. McCay na marafiki zake wanakwenda makumbusho, wanawekeana dau la chakula cha jioni, wanazungumza mno. Ukiwa na mtoto, ruka moja kwa moja hadi mchoro wa pango, mwanzo utauona siku nyingine ukiwa peke yako. Ila usikatishe mwisho: McCay mwenyewe, sasa amekuwa mchoro, anaingia ndani ya picha, Gertie anambeba kwa mdomo polepole, anamweka mgongoni, wanaondoka. Mpwa wangu aliwapungia mkono.