Maharage yanayotambaa: mbegu ardhini au miche ya vikopo?

Kwa mwenye kipande cha bustani Uingereza, swali hili hurudi kila Mei.

Kwa gharama, ardhini ni nafuu: mbegu na fito tu. Fukia sentimita 5, mbegu mbili kila ufito. Ila udongo uliolowa na ulio chini ya nyuzi 12 huozesha mbegu, na konokono humaliza machipukizi usiku mmoja.

Miche ya vikopo, iliyosiwa ndani mwishoni mwa Aprili, huwastahimili konokono zaidi. Lakini inataka maji mara kwa mara, na kuzoeshwa nje siku 7 hadi 10 kabla ya kupandwa. Isipozoeshwa, majani hubabuka. Jalidi huiua kabisa.

Unafika bustanini Jumamosi tu? Sia ardhini mwishoni mwa Mei. Konokono wamejaa na una dirisha lenye jua? Tumia vikopo.