Miwani ya tayari ya kusomea, Darajani: inamfaa nani, na kwa namba gani

Kwenye meza za soko la Darajani, mjini Unguja, miwani ya kusomea huuzwa kwa namba, kuanzia +1.00 mpaka +3.50, kibandiko kikiwa juu ya kioo. Kwa mtu aliyevuka miaka 40, ambaye mbali anaona vizuri kwa macho yote mawili, ni bidhaa nzuri na tunaipendekeza bila kusita. Lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa kadiri umri unavyosogea, ikashindwa kubadili umbo kwa kitu cha karibu. Ndiyo maana msahafu husogezwa mbali mpaka mkono hautoshi, na mshona kofia hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano. Hali hii humfika kila mtu mzima, na kuvaa miwani hakuizidishi. Wako wanaoacha kazi ya mkono waliyoimudu miaka mingi kwa kuogopa "kuyazoesha macho". Hofu hiyo haina msingi hata kidogo.

Kwa makadirio, miaka ya arobaini na kitu huanza na +1.00 au +1.50, hamsini huelekea +2.00, na sitini +2.50. Lakini umri peke yake hautoshi, umbali wa kazi una neno lake. +2.50 inafaa kwa kitabu kilichoshikwa kama sentimita 40 kutoka usoni. Anayetazama kompyuta iliyo sentimita 65 ataiona imefifia kwa namba hiyo hiyo. Basi nenda na kazi yako, uzi na sindano au msahafu wenyewe, uishike pale unapoishika nyumbani. Ukisita baina ya namba mbili, chukua ndogo.

Kibandiko nacho kipimwe. Namba ya miwani ni dayopta, yaani kipimo cha nguvu ya kioo, na hesabu yake ni nyepesi: gawa mita 1 kwa namba. +1.00 hukusanya mwanga mita 1 nyuma ya kioo, +2.00 sentimita 50, +2.50 sentimita 40. Simama karibu na ukuta unaotazamana na mlango ulio wazi, shika miwani sambamba na ukuta, uisogeze mbele na nyuma mpaka picha ya kilicho mbali nje, kama paa au mnazi, itulie ukutani kichwa chini. Pima kwa rula toka kioo mpaka ukuta. Miwani iliyoandikwa +2.00 ikitoa sentimita 40, hiyo ni +2.50. Usitumie ukingo wa mlango wenyewe, kwa sababu kitu cha karibu hurefusha kipimo na kukudanganya. Rudia kwa kioo cha pili, maana viwili hivyo vinapaswa kuwa sawa. Halafu tazama mstari ulionyooka kupitia kioo huku ukikisogeza polepole. Ukiona mstari unacheza kama wimbi, irudishe mezani.

Kasoro isiyoonekana iko kwenye umbali baina ya vitovu vya vioo viwili. Mboni za watu wazima wengi zimeachana baina ya milimita 54 na 74, ilhali miwani ya tayari hutoka kiwandani kwa kipimo kimoja. Asiyeendana nacho hutazama kwa pembeni mwa kioo, macho yakavutwa, kichwa kikaanza kuuma. Namba ikipanda, mvuto nao hupanda. Ndiyo sababu kuanzia +3.00 hatuipendekezi kwa kusoma muda mrefu.

Kosa kubwa zaidi hufanywa na wenye cheti cha kipimo cha macho mkononi. Kwenye cheti, OD au R ni jicho la kulia, OS au L la kushoto. SPH ni namba yenyewe: alama ya kutoa ni ya asiyeona mbali, alama ya kujumlisha ni ya anayepata tabu zaidi ya karibu. CYL ni ya jicho ambalo uso wake umekaa kama yai badala ya mpira, na AXIS, kuanzia 1 mpaka 180, huonyesha yai hilo limelalia upande gani. PD ni umbali wa mboni. ADD ni nyongeza ya kusomea, na hapa ndipo watu wanapoteleza: huiona ADD +2.00 wakaenda kununua +2.00. Nyongeza hujumlishwa na SPH. Mwenye +0.50 kulia na +1.50 kushoto anahitaji +2.50 na +3.50 kusomea, na hakuna miwani ya mezani yenye vioo viwili tofauti. Mwenye -2.00 na ADD +2.00 akijumlisha anapata sifuri, kwa hiyo akitaka kusoma avue tu miwani yake ya mbali. Mwenye CYL ya -1.00 au zaidi atengenezewe.

Kuna jambo moja linatutia wasiwasi kweli. Miwani hii husaidia vizuri mpaka ugonjwa ukajificha nyuma yake. Presha ya macho mara nyingi haiumi. Hula uoni wa pembeni kwanza, na msomaji haoni tofauti kwenye ukurasa. Mtoto wa jicho wakati mwingine humrudishia mzee uwezo wa kusoma bila miwani, nyumba nzima ikafurahi, kumbe lenzi inaanza kuwa na ukungu. Mwenye sukari akibadilisha namba kila baada ya wiki chache, sukari yake ndiyo inayopanda na kushuka. Hawa waende kliniki ya macho, Mnazi Mmoja kwa Unguja au Chake Chake kwa Pemba, kabla ya kununua jozi nyingine. Mtoto wa skuli asiyeona ubao hapaswi kuletwa kwenye meza hizi kabisa.

Fremu nyingi za chuma hazistahimili hewa ya pwani. Skrubu za bawaba hushika kutu upesi, kwa hiyo chagua plastiki. Na usifute kioo kikavu kwa pindo la kanga. Chembe za chumvi na mchanga hukikwaruza. Kimwagie maji baridi kwanza, tone la sabuni, ndipo kitambaa laini.